Makumbusho ya Kushikashika: Watoto Wanagusa Nini, na Nani Anatengeneza Kinachovunjika

Mpwa wangu ana miaka saba na mikono yake haitulii. Mwaka jana nilimpeleka kwenye makumbusho fulani, mbali na hapa Arusha, na dakika kumi hazijaisha alikuwa ameshaambiwa "usiguse" mara nne. Mara ya tano hakungoja kuambiwa. Alitia mikono mfukoni akaniuliza, "Mjomba, sasa tumekuja kufanya nini?" Nikamjibu tumekuja kuona. Akaniambia hata nyumbani kwenye televisheni anaona, na tena amekaa.

Mlinzi aliyemkataza hakuwa na kosa. Jasho la mkono lina chumvi na mafuta, na vyote viwili hula chuma, ngozi na karatasi polepole. Kitu kilichotunzwa miaka mia hakiwezi kushikwa na kila mtu aliyetoka kula chipsi. Makumbusho ya kawaida yamewekwa kutunza, na anayetunza lazima akataze. Ila swali la chalii huyu linaelekea kwenye nyumba ya aina nyingine kabisa, ambayo wengi wetu tukisikia jina lake, makumbusho ya watoto, tunadhani ni uwanja wa bembea wenye kiingilio, au chekechea iliyochangamka, au makumbusho yaleyale yaliyopakwa rangi za kuwaka.

Tofauti iko hivi. Kwenye makumbusho ya kawaida kitu ndicho mwenyeji na mgeni ni mpita njia. Kwenye makumbusho ya watoto mtoto ndiye mwenyeji. Kitu kimeletwa kumtumikia, na kikichakaa kwa kutumika, kimekufa kifo kizuri. Ukishika hilo, mengine yote yanafuata, pamoja na gharama, ambazo nitazifikia.

Tuanzie hapa mjini. Lile boma la Wajerumani kwenye Barabara ya Boma, ambalo tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa kati ya 1899 na 1900. Kuta zile nene zilikuwa zikipandishwa kwa ajili ya askari. Wakati huohuo, tarehe 16 Desemba 1899, Brooklyn, New York, watu walifungua makumbusho ya kwanza duniani yaliyowekwa kwa ajili ya watoto, ndani ya nyumba ya zamani iliyokuwa katikati ya bustani. Huwa nawaza mambo haya mawili kwa pamoja kila nikipita pale bomani, ingawa najua hayana uhusiano wowote zaidi ya kalenda.

Wale wa Brooklyn walianza na vitu vya kawaida vya makumbusho, kama ndege waliokaushwa, wadudu, mawe na mifano ya mimea na wanyama. Mwaka 1902 akaajiriwa mwalimu wa elimu ya viumbe, Anna Billings Gallup, akakaa hadi 1937. Yeye alitaka mtoto aingie akijua kwamba pale ni pake, ashike, aulize, na hata aazime kitu akaende nacho nyumbani. Wazo likasafiri. Mama mmoja wa Indianapolis, Mary Stewart Carey, alitembelea Brooklyn, akarudi kwao na kuwashawishi wenzake, na mwaka 1925 wakaanzisha ya kwao katika banda la kuwekea magari ya farasi. Leo makumbusho hayo ya Indianapolis ndiyo makubwa kuliko yote ya watoto duniani: zaidi ya mita za mraba 40,000 za sakafu, sawa na viwanja vitano vya mpira na ziada.

Hapo ndipo watu wengi husimulia habari ya kukua na kuishia: walianza bandani, sasa wana viwanja vitano. Hadithi nzuri, lakini inapotosha. Jengo likikua bila kinachofanyika ndani kukua, umepata ghala kubwa. Ukuaji wenye maana ulitokea kwingine, na ulitokea kwa hatua mbili ambazo hazionekani kwenye picha ya jengo.

Hatua ya kwanza ilitokea Boston. Makumbusho ya watoto ya huko yalianzishwa 1913 na walimu wa sayansi, na kwa miaka mingi vitu vyao vilikaa kwenye makabati ya vioo. Mwaka 1962 akaja mkurugenzi kijana, Michael Spock, mtoto wa yule daktari maarufu wa malezi, Benjamin Spock. Michael alikuwa amepata taabu kubwa ya kusoma alipokuwa mdogo, maandishi yalimchanganya. Mtu wa namna hiyo ukimpa nyumba iliyojaa vibao vya maelezo, ataona mara moja kasoro ambayo wasomaji wazuri hawaioni. Miaka ile ya 1960 aliandaa onyesho la vitu vya kila siku vilivyokatwa katikati ili watoto waone kilichomo ndani, akaanza kuondoa vioo. Alikuwa akieleza kwamba makumbusho yake ni ya mtu fulani kabla ya kuwa ya kitu fulani. Kabla yake, mkuu wa makumbusho aliulizwa, "Una nini?" Baada yake swali likawa, "Unamhudumia nani?"

Hatua ya pili ilitokea San Francisco mwaka 1969, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ingawa nyumba yenyewe, Exploratorium, haikujiita ya watoto. Mwanzilishi wake, Frank Oppenheimer, alikuwa mwanafizikia, mdogo wake Robert Oppenheimer wa bomu la atomiki. Siasa za Marekani za wakati ule zilimfukuza chuoni, akaenda kufuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sekondari ya kijijini. Aliyepitia hayo yote hakuja San Francisco na makabati. Alikuja na karakana, akaiweka wazi, mahali ambapo mgeni akiingia anaona cheche za kuchomelea na mtu anayekuna kichwa mbele ya kifaa kilichogoma. Zaidi ya hapo, alitoa michoro. Kuanzia miaka ya 1970 Exploratorium walichapisha vitabu vya maelekezo, kama vile vya mapishi, vinavyoeleza namna ya kuunda vifaa vyao vingi ili mwingine popote aviunde kwake. Makumbusho na vituo vingi vya sayansi duniani vina vifaa vyenye asili ya karakana ile, na vingi vimeundwa na mafundi wasiowahi kukanyaga California.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970 Marekani nzima ilikuwa na makumbusho ya watoto yasiyofika 40. Baada ya hapo yakaota kama uyoga, na kwa maoni yangu sehemu ya siri ya kuota huko ilikuwa hiyo: mapishi yalikuwa mezani.

Sasa tufungue fundo lenyewe. Kwa nini kugusa kufundishe?

Fanya jaribio hili jikoni leo. Chukua vikombe viwili vifupi vinavyolingana, vijaze maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka mitano, akubali kwamba yako sawa. Kisha mwaga maji ya kikombe kimoja kwenye bilauri ndefu nyembamba. Muulize wapi kuna maji mengi. Wengi watakuonyesha bilauri. Mswisi Jean Piaget alilifanya jaribio hili lijulikane dunia nzima, na jambo linaloshangaza si kwamba mtoto anakosea. Linaloshangaza ni kwamba ukimweleza, haelewi zaidi. Atakubali kwa heshima tu, kwa sababu wewe ni mkubwa. Kesho ukimuuliza, bado ni bilauri. Anachohitaji ni kumwaga mwenyewe, kurudisha, kumwaga tena, kulowesha meza, mpaka siku moja bila kuambiwa na mtu anashangaa ulikuwa unamuuliza nini. Piaget aliona kwamba kati ya miaka saba na kumi na moja hivi mtoto anaweza kufikiri vizuri sana mradi kitu kiwe mbele yake. Maneno matupu ya jumla yanakuja baadaye.

Kwa hiyo meza ya maji kwenye makumbusho ya watoto haipo kwa ajili ya kuwachangamsha. Ni mahali pa kurudia jambo mara arobaini, kitu ambacho darasa la watoto tisini na dakika arobaini za kipindi haliwezi kutoa, hata mwalimu awe malaika.

Lakini si kila kinachoguswa kinafundisha. Mjini Munich, Oskar von Miller alianzisha Deutsches Museum mwaka 1903 na kuweka mashine ambazo mgeni mwenyewe aliweza kuziwasha. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake. Ila mtazame mtoto mbele ya kitufe: anabonyeza, taa inawaka, anabonyeza tena, anakimbilia kitufe kingine. Kitufe kina jibu moja tu na mtoto analimaliza kwa sekunde tatu. Kifaa kizuri ni kile ambacho mtoto akibadilisha anachofanya, kinachotokea nacho kinabadilika, na kosa lake linamrudishia habari. Skrini za kugusa, kwa mtazamo wangu, nyingi zimerudi kwenye kitufe. Mtoto anasugua kioo, na kioo kile ni ndugu wa kioo cha kabati.

Nikitafuta mfano wa kifaa kizuri siendi Munich. Naenda Moshi, nipande kidogo, nitazame mfongo. Wachaga walichimba mifereji hii vizazi na vizazi, wakatoa maji korongoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi vihambani, bila kifaa chochote cha kupimia usawa zaidi ya maji yenyewe. Jaza meza ya mchanga, wape watoto vibao, mawe na ndoo ya maji juu, uwaambie maji yafike kwenye migomba ile ya plastiki kule mwisho. Mfereji ukiwa mkali, maji yanakula kingo na mfongo unabomoka. Ukiwa mlalo, maji yanasimama na tope linajaa. Kati ya hapo kuna mteremko wake, na utapatikana kwa vidole. Halafu weka familia mbili za migomba na maji ya familia moja. Hapo somo la fizikia linageuka kikao cha wazee, na watoto wanaanza kupangiana zamu bila mtu kuwaambia. Hakuna kitufe hapo. Hata mtu mzima atakwama.

Mfano mwingine uko upande wa Ngorongoro. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi, viumbe wa jamii ya binadamu walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowana, yakaganda. Nyayo halisi za njia ile ya kwanza zimefukiwa tena kwa udongo ili zisiharibike. Hivyo ndivyo mtunzaji anavyopaswa kufanya, na hivyo ndivyo mtoto asivyopata chochote. Mimina nakala ya saruji sakafuni na tatizo limekwisha. Mtoto anavua viatu, anaweka mguu wake ndani ya unyayo. Mmoja wa wale wapitaji alikuwa na unyayo wa sentimita 18 hivi. Mguu wa binadamu wa leo ni kama asilimia 15 ya urefu wake, kwa hiyo mpe mtoto futi kamba apime mguu wake mwenyewe, agawanye kwa 0.15, aone kama jibu linakaribia kimo chake ukutani. Kisha afanye hesabu hiyohiyo kwa unyayo: sentimita 120. Kimo cha mwanafunzi wa darasa la pili! Ni makadirio tu, maana mwili wa yule si wetu, lakini mtoto aliyefanya hesabu ile kwa mguu wake hatahitaji kuambiwa kwamba ni makadirio. Ataona mwenyewe wenzake wanavyotofautiana.

Yapo pia mambo yanayokataa kuguswa. Sisi wa huku tunajua habari ya maji ya Mlima Meru yenye floridi nyingi, tunaijua kwa meno ya rangi ya chai. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huu vinapita hapo kwa mbali. Lingekuwa somo zuri mno, na kule Ngurdoto watafiti wamefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mifupa iliyochomwa. Lakini floridi haina rangi, haina harufu wala ladha kwa viwango hivyo. Mtoto atamwaga maji kwenye kichujio, yatatoka maji. Ukilazimisha utaishia kuweka taa nyekundu na ya kijani, yaani kitufe. Afadhali jambo hilo libaki kwa mwalimu na daktari wa meno.

Basi tufike kwenye gharama, ambapo mipango mingi mizuri hulala.

Piga hesabu ndogo. Chukua baiskeli iliyofungwa kwenye fremu, mtoto akizungusha pedali anaona giya na cheni zinavyofanya kazi. Madarasa matatu ya watoto 45 kwa siku ni watoto 135. Kila mmoja akizungusha mara kumi, hiyo ni mizunguko 1,350 kwa siku, karibu 7,000 kwa wiki, na hakuna hata mmoja anayezungusha kwa upole. Atazungusha kinyumenyume, atasimama juu yake, atatia kijiti kwenye spoku aone. Beringi zitaisha, cheni italegea, kidole kitataka kuingia kwenye giya. Baiskeli ambayo barabarani ingedumu miaka mitano, humo itaomba fundi kila baada ya wiki chache. Mchanga wa mfongo utatoka na viatu. Vijiwe vya mzani wa dukani vitaondoka mifukoni.

Kwa hiyo mfadhili akija na kontena la vifaa vinavyong'aa kutoka ng'ambo, ukatwe utepe, zipigwe picha, unaweza kutabiri mwaka wa pili utakuwaje: nusu ya vifaa vina karatasi iliyobandikwa "Kibovu". Na kifaa kibovu kwenye makumbusho ya watoto ni kibaya kuliko kabati la kioo, kwa sababu kabati halikumwahidi mtoto chochote. Ile karakana ya Oppenheimer haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa nyumba, na kumbi za maonyesho zilikuwa baraza lake. Ukisikia makumbusho ya namna hii yamekua, uliza kwanza: mafundi wamekuwa wangapi? Muda wa kifaa kukaa kibovu umepungua?

Kwa kipimo hicho Arusha si maskini hata kidogo. Sehemu ngumu tunayo tayari. Mjini hapa kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma ambazo kazi yake ni kubuni mashine na zana. Kuna Chuo cha Ufundi. Kuna Twende, ambako vijana hufundishwa kubuni vifaa kwa mikono yao. Na kuna mtaa wa Unga Limited, ambako ukitaja chuma chochote kuna mtu wa kukikunja. Tanga walishatangulia na STEM Park yao, bustani ya sayansi ambayo watoto huingia na kuchezea vifaa, kwa hiyo hoja kwamba jambo hili ni la Wazungu imeshajibiwa kwa kilomita mia nne tu za lami. Watoto wetu wenyewe walishaijibu zamani. Gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele lina wenzo, ekseli na mahesabu, na halikutoka kwenye kontena.

Wala si lazima kuanza na jengo. Miaka ileile ya 1960, Boston walitengeneza masanduku ya kuazimisha shule, kila moja na vitu halisi na maelekezo ya mwalimu. Sanduku linapakiwa kwenye keria ya Hiace, linafika Monduli au Longido, linakaa wiki mbili, linarudi limepungua vitu vitatu. Vile vitatu vilivyopotea ndivyo watoto walivyovipenda, na hiyo ni taarifa ya bure kwa karakana. Waelezaji nao wapo. Exploratorium waliajiri vijana wa sekondari kusimama karibu na vifaa na kuzungumza na wageni, kwa sababu mtoto humsikiliza zaidi mtu aliyemzidi miaka minane kuliko aliyemzidi arobaini. Hapa kwetu, kila mwaka, vijana waliomaliza kidato cha nne wanakaa nyumbani wakisubiri matokeo.

Mimi nimeanza na ile baiskeli. Tuko majirani wanne Sakina, tuna ua mmoja wenye paa la bati na Jumamosi zetu. Nilikwenda kwa fundi Unga Limited nikamweleza: fremu isimame imara, gurudumu la nyuma liwe hewani, mnyororo uonekane wote. Akaichora chini kwa chaki, akanitajia elfu themanini.

"Itakaa dukani?" akauliza.

"Hapana, fundi. Ni ya watoto kuchezea."

Akafuta mchoro kwa soli ya kiatu, akauchora upya wenye vyuma mara mbili ya vile na kikinga pembeni mwa giya.

"Watoto wangapi, kaka?"

Nikamwambia labda thelathini kila Jumamosi.

"Basi laki na sitini," akasema. "Na kila mwisho wa mwezi uilete. Uje na mmoja wao, anionyeshe alivyoivunja."